Mafuta ya Sabuni ya Mche Tabora

Swali: Mtengenezaji wa sabuni mjini Tabora anauliza kwa nini miche ya mafuta ya alizeti peke yake hubaki laini, na achanganye nayo mafuta gani.

Jibu: Alizeti ina wingi wa asidi ya linoleiki, yaani kijenzi cha mafuta kisichoganda hata katika baridi, na kwa hiyo sabuni yake hukawia kukaza na huwahi kuchacha. Ugumu hutokana na mawese, ambayo takriban nusu ya asidi zake ni za aina inayoganda, na ambayo hupatikana kwa urahisi kutoka Kigoma kwa reli. Shahamu ya ng'ombe, iliyoyeyushwa na kuchujwa vizuri, hufanya kazi hiyo hiyo na haistahili kudharauliwa. Mise, yaani mafuta ya kokwa za chikichi, huleta povu jingi, lakini yakizidi hukausha ngozi.

Mchanganyiko unaofaa kwa kilo 1 ya mafuta ni gramu 600 za mawese, 250 za mise na 150 za alizeti, pamoja na gramu 142 za kostiki soda zilizopimwa kwa mizani, kwani kila mafuta yana kiwango chake na kukisia kwa kikombe huunguza ngozi. Soda hutiwa ndani ya maji, gramu 330 hivi, wala maji hayamiminwi juu ya soda. Kisha miche huachwa ikauke wiki 4 hadi 6.