Dondoo muhimu: Injini irudi nyuma kiasi gani?

Boti za kuvulia samaki aina ya besi huko Marekani hufungwa injini kwenye bamba la jeki (kifaa cha kuiinua na kuirudisha nyuma), aghalabu inchi 6 hadi 12 nyuma ya tezi.

- Anza na kipimo cha muunda boti. Inchi nyingi hazileti mbio peke yake.
- Ukirudisha nyuma, inua pia: takriban inchi 1 kwa kila 8 hadi 10. Wengi husahau, wakaambulia uzito tu.
- Inua robo inchi kwa mara, jicho kwenye geji ya presha ya maji. Presha ikishuka, teremsha upesi kabla injini haijaungua.
- Omo ikidundadunda, sogeza betri mbele.
- Kata usukani pande zote: mipira na kebo zisivutike.
- Majaribio bila jaketi okoa na kamba ya kuzimia injini? Usithubutu.