Mtu mzima apande gari, mtoto aende kwa miguu

Shangazi,

Mume wangu amepata kazi ya upishi katika hoteli moja ya Nungwi, na mwisho wa mwaka tunahama Tanga. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 12 aliyeko darasa la sita, mvulana wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka 4. Mume anataka tukae Nungwi, karibu na kazi. Wifi yangu anaishi Mji Mkongwe, Sokomuhogo; anasema ana vyumba viwili vitupu ghorofani na watoto watalelewa na damu yao. Shemeji naye ametutafutia nyumba nzima Fuoni, ina uwanja mpana na kodi nafuu, ila mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Mimi Unguja nimefika mara mbili tu, zote kwenye harusi. Kila nikiuliza naambiwa, “Utaona ukifika.” Nisaidie nichague.

Mama wa Watatu, Tanga

Mwanangu, mumeo ametazama kazi yake, wifi yako ametazama udugu, shemeji ametazama kodi. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini sijaona katika barua yako mtu aliyeuliza siku ya hao watoto itakwendaje, tangu alfajiri hadi magharibi.

Siku ya mtoto wa Unguja ina safari nyingi. Anakwenda skuli (na uanze mapema kuizoea hiyo “skuli”, maana ukisema “shule” watajua umeshuka jana), anarudi kula, anakwenda chuoni (yaani madrasa), anatumwa dukani, halafu anacheza. Skuli nyingi za mjini zimezoea mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana. Serikali imejenga skuli za ghorofa ili watoto wote wasome asubuhi, lakini usilichukulie hilo kwa mdomo, liulizie skuli kwa skuli. Ukiangukia kwenye mikondo miwili, binti atatoka saa moja na mdogo wake atatoka baada ya adhuhuri, nawe huna miguu ya kuwasindikiza wote. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mtu mzima apande gari, mtoto aende kwa miguu. Nyumba ambayo skuli, chuo na duka la jirani haviko katika mwendo wa mtoto wa miaka tisa, hata ukipewa bure ni ghali.

Tuanze na Nungwi. Ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi, na wenyeji wamelea watoto wema pale vizazi na vizazi. Wao lakini wana mababu, mashangazi na majirani wa tangu utotoni, wewe utakuwa na mume tu, na mpishi wa hoteli huwa kazini saa ambazo watoto wako nyumbani. Ufuko umejaa wageni na papasi (vijana wanaowaandama watalii), na mvulana wa miaka tisa hachelewi kugundua kwamba huko kuna vijisenti ambavyo darasani havipo. Mtoto akishikwa na homa usiku, hospitali ya kukimbilia ni Kivunge, na likiwa kubwa zaidi ni Mnazi Mmoja, mjini, karibu kilomita 60. Kwa mwaka wa kwanza, mama mgeni asiye na jamaa, sikushauri.

Mji Mkongwe ndio utakaokuvutia, najua, kwa sababu harusi huzioni Fuoni unaziona huko. Na una sifa ya kweli: magari hayapiti vichochoroni, watu wanakaa barazani, na mtoto akifanya ukorofi Sokomuhogo habari inafika nyumbani kabla yake. Vespa na bodaboda ndizo za kuchunga. Hata hivyo kabla hujafunga mizigo muulize wifi, kwa adabu, hiyo nyumba ni ya nani. Nyumba nyingi za huko ni za Shirika la Nyumba au za Wakfu, na anayekaa ni mpangaji. Mpangaji hana ruhusa ya kumgawia mwenziwe vyumba kwa sababu tu wamependana. Ukipanda ghorofani, usitazame mlango wa nakshi, tazama dari. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimebebwa na boriti, na adui yake ni maji ya mvua. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la Seyyid Barghash, iliporomoka upande mmoja Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo na watu wawili wakafa. Boriti ikiwa nyeusi na yenye unyevu, au chokaa inadondoka kitandani, mtoto wa miaka minne halali hapo.

Tena kuna jambo la mawifi, ambalo sitalifafanua. Vyumba viwili, jiko moja, watoto watatu. Mwezi mmoja mtapendana zaidi. Mwaka mmoja, Mungu ndiye ajuaye.

Fuoni nitaipita haraka. Iko mashariki ya mji, mumeo anakwenda kaskazini. Kila siku ataukata mji kabla hajaanza safari. Kwa miaka mingi masika yakikolea maji yalijaa Mwanakwerekwe mpaka barabarani, na njia yako ya kutoka mjini inapita hapo. Mitaro mikubwa imejengwa tangu hapo, lakini usikodi nyumba ya upande ule wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu, bila kumuuliza jirani maji ya Aprili yalifika wapi ukutani. Na kodi ya mwaka mzima kwa nyumba usiyoilala hata usiku mmoja, kataa. Omba miezi mitatu, kubali sita.

Sasa mtaa ambao hakuna aliyekutajia: Bububu. Uko upande wa kaskazini wa mji, kiasi cha kilomita kumi, kwenye barabara hiyohiyo iendayo Mahonda, Kinyasini na Nungwi. Mumeo atapanda gari akiwa ameshauacha mji nyuma, na siku za zamu ndefu akilala hotelini, wewe kwenda kwa wifi ni gari moja tu, namba 502, mpaka mjini. Si mtaa wa jana. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na reli kutoka mjini hadi Bububu, na tangu enzi za Barghash mji ulikuwa ukinyweshwa na chemchemi za huko. Hilo lisikudanganye kuhusu mfereji wako: waulize majirani maji yanatoka siku zipi na saa ngapi, na nyumba ina tangi au kisima. Wakikujibu kwa kucheka, umeshajibiwa.

Kasoro ya Bububu ni barabara. Magari ni mengi na yana haraka. Tafuta nyumba, skuli na chuo viwe upande mmoja wa lami. Hata kama nyumba ya ng'ambo ya pili ina vigae na mwembe wa boribo, iache.

Kuhusu binti, hapa usichelewe. Elimu ya msingi Zanzibar si jambo la Muungano. Ina wizara yake na mpango wake. Sera ya mwaka 2006 iliifanya msingi kuwa miaka sita, na ikapeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mwanao anatoka mfumo wa miaka saba aliosomeshwa kwa Kiswahili. Kabla ya kuomba uhamisho, mwalimu mkuu wa skuli unayoitaka akwambie ataingizwa darasa gani na atafanya mtihani upi. Mtaa mtaweza kuubadili baada ya miezi sita, ila mwaka wa mtihani wa binti haurudi.

Nifanyeje basi, utauliza. Mje kwa wifi, kama wageni, kwa wiki chache, na mumwambie mapema kwamba ni wiki chache. Katika siku hizo nenda Bububu wewe mwenyewe, saa kumi na moja jioni ya siku ya kazi, watoto wakitoka chuoni. Tazama nani wako nje, watoto wanacheza wapi, mtu mzima akiita wanaitika au wanakimbia. Dalali hatakuonyesha haya.

Na kabla ya kuondoka Tanga, chukua barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wenu. Kila shehia ya Unguja ina sheha, na mgeni anayehamia anatakiwa kujiandikisha kwake. Barua hiyo ndiyo atakayoiulizia kwanza.