Somo kwa Vyama vya Msingi: Kumpata Meneja wa Mradi wa Maji

Wanachama wengi wa vyama vya msingi mkoani Mtwara ni watumiaji wa maji ya mradi mmoja au mwingine, na baadhi yao huchaguliwa kuingia katika kamati za vyombo vya maji vya vijiji vyao. Kwa hiyo swali la nani aajiriwe kuwa meneja wa maji linawahusu sawasawa na swali la nani apewe funguo za ghala la korosho. Tofauti ni kwamba chama kikikosea kumchagua karani wa ghala, hasara hujulikana msimu huo huo. Kamati ya maji ikikosea kumchagua meneja, hasara hujificha ardhini pamoja na mabomba, na huonekana siku ambayo pampu imesimama na fedha za kuitengeneza hazipo.

Somo hili laanzia Newala, kwani ndiko kulikoanza habari ya maji ya kulipia katika sehemu hizi. Uwanda wa Makonde una ardhi ya mchanga. Mvua inyeshapo hunywewa papo hapo. Juu ya uwanda hakuna mto wala ziwa, na maji hutokea chini mabondeni. Kwa miaka mingi wanawake walishuka genge alfajiri na kulipanda tena na mitungi vichwani. Katika miaka ya 1950 likaundwa Shirika la Maji la Makonde, ambalo lilisukuma maji kwa mitambo kutoka bondeni na kuyauza kwenye vituo. Lilikuwa shirika la kuuza maji, na tangu mwanzo lilisumbuliwa na jambo moja: mapato yasiyotosha kubeba gharama za kuyapandisha maji hayo.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Serikali ilijitwisha gharama, maji ya vijijini yakawa bure, na mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Kuanzia 1972 hadi mapema miaka ya 1990 mikoa ya Mtwara na Lindi ilipata msaada wa Finland; visima vikachimbwa na pampu za mkono aina ya Nira zikafungwa katika vijiji vingi. Lakini bei ya mafuta ilipanda katika miaka ya 1970, fedha za kigeni zikaadimika, na mitambo ya dizeli ikaanza kusimama kwa kukosa mafuta na vipuri. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ikarudisha mchango wa mtumiaji, na ile ya 2002 ikatamka wazi kwamba jamii za vijijini zitabeba gharama za uendeshaji na matengenezo.

Historia hii yafaa ikumbukwe na kila kamati inayotafuta meneja. Katika miaka ya maji ya bure, msimamizi mwema alikuwa yule aliyejua kuandika barua ya kuomba mafuta na kuingoja lori. Hakuulizwa maji mangapi yamepotea, kwa sababu hakuna aliyeyalipia. Tabia hiyo haikufa siku sera ilipobadilika. Hata leo mwombaji kazi mwenye uzoefu wa miaka mingi aweza kuwa na uzoefu wa kungojea tu, na kamati isipokuwa macho itauhesabu kuwa sifa.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2019. Chini yake vipo vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo vilichukua nafasi ya kamati za zamani za kujitolea. Kusudi lake ni kwamba fedha za maji zisikae tena mfukoni mwa mtu mwema asiye na hesabu. Chombo kiwe na watumishi wanaolipwa, wenye ujuzi wa ufundi na uhasibu, na kamati iwasimamie. Mahali ambapo miradi ni midogo, meneja mmoja huweza kuangalia vijiji kadhaa.

Basi, kazi ya meneja huyo ni nini? Kamati nyingi hujibu kwamba ni kuhakikisha maji yanatoka. Jibu hilo halitoshi, maana maji yaweza kutoka miezi sita huku mradi ukifa. Mwanachama wa ushirika analielewa jambo hili kuliko mtu mwingine, kwa kuwa amezoea mizani miwili: korosho hupimwa chamani, kisha hupimwa tena ghala kuu, na tofauti ya kilo ikizidi kiasi, mtu huulizwa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani mwaka 2007, hakuna mkutano mkuu usiozungumzia upungufu wa uzito. Maji nayo yana mizani miwili. Ya kwanza ni dira iliyopo kwenye pampu, nayo huonyesha maji yaliyosukumwa. Ya pili ni dira za vioski na za nyumba, nazo huonyesha maji yaliyouzwa. Meneja huajiriwa kwanza kabisa ili ajue tofauti ya hizo mbili kila mwezi, aieleze, na aipunguze. Ufundi wa bomba, barua na mikutano vyote hufuata nyuma ya hilo.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mradi umesukuma yuniti 3,000 kwa mwezi. Yuniti 1 ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ndoo moja huuzwa shilingi 50, hivyo yuniti moja huleta shilingi 2,500. Vioski vimeuza yuniti 1,950, na mapato ni shilingi 4,875,000. Yuniti 1,050 hazijulikani zilipo. Hiyo ni asilimia 35 ya maji yote, na kama yangeuzwa yangeleta shilingi 2,625,000. Sasa tuseme umeme wa kusukuma yuniti moja ni shilingi 900. Gharama ya mwezi ni shilingi 2,700,000, na ikigawanywa kwa zile 1,950 zilizouzwa, kila yuniti imebeba umeme wa shilingi 1,385 hivi badala ya 900. Mama anayenunua ndoo kioskini ndiye anayelipia maji yanayovuja njiani.

Hesabu hiyo ndiyo usaili. Kamati imwekee kila mwombaji karatasi yenye takwimu kama hizo, impe saa moja na kalamu, kisha imwulize angeanzia wapi. Yupo atakayesema bei ya ndoo ipandishwe. Huyo asifukuzwe, lakini asipewe alama nyingi, kwa kuwa amemtwisha mnunuzi mzigo kabla ya kutafuta tundu. Yupo atakayeomba pampu mpya. Na yupo atakayeuliza dira zilisomwa siku gani, na nani, na kama ile ya pampu na zile za vioski zilisomwa siku moja. Kama usiku, vioski vimefungwa, dira ya pampu au kina cha maji katika tenki huendelea kubadilika. Huyo wa tatu, hata kama cheti chake ni kidogo, ameonyesha kwamba anajua anachotakiwa kukilinda.

Baada ya karatasi, waombaji waliobaki watembezwe kwenye njia ya bomba. Yafaa fundi wa mradi awepo, na mwanamke mmoja au wawili wanaochota kila siku, si kwa ajili ya picha, bali wapewe nafasi ya kuuliza. Wao ndio wajuao kioski kipi hufunguliwa saa nne badala ya saa kumi na mbili, na mwuzaji gani ana ndoo ndogo. Namna mwombaji anavyowasikiliza, na kama anaandika wanayosema, itaieleza kamati mambo ambayo barua ya maombi haiwezi kuyaeleza.

Meneja wa Uwanda wa Makonde ana majaribu yake ya pekee. Nyumba nyingi huko zina visima vya saruji vya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mvua zikianza, mauzo ya vioski hushuka ghafla, ilhali mshahara wa mlinzi na deni la umeme havishuki. Kiangazi kikikolea, watu husongamana vioskini, lakini kati ya Juni na Septemba ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa na dawa nyingine, na minada ya korosho haijaanza. Dawa za maji nazo huhitaji maji ya kuchanganyia. Mwombaji anayeleta bajeti yenye mapato sawa kwa miezi 12 ameinakili kutoka kitabuni. Mwenye kuujua uwanda ataweka akiba ya kiangazi kwa ajili ya masika, na atafikiri namna ya kupatana na chama cha msingi ili wanachama wanaotaka walipie maji ya mwaka wakati wa malipo ya korosho, kwa ridhaa yao iliyoandikwa. Makato yasiyo na ridhaa yamewahi kuleta ugomvi katika vyama, na hakuna sababu ya kuuhamishia ugomvi huo kwenye maji.

Ukishuka pwani, kuelekea Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mlango wa Mto Ruvuma, shida si kina bali chumvi. Maji baridi chini ya ardhi ya pwani huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni inayojulikana kwa wataalamu wa maji ni kwamba kina cha maji baridi kisimani kikishuka mita 1 na kubaki hivyo, mpaka wa maji ya chumvi huelekea kupanda kiasi cha mita 40. Maana yake ni kwamba meneja mwenye bidii ya kusukuma mchana na usiku ili auze zaidi aweza kukiharibu kisima kwa bidii yake mwenyewe, na kisima kilichoingiwa na chumvi huchukua muda mrefu kupona. Watu hurudi mtoni, ambako kuna mamba. Kwa miradi ya huko, kamati iulize mwombaji angeandika nini katika daftari la pampu. Asipotaja kina cha maji, saa za kusukuma na kipimo cha chumvi, hajawahi kusimamia kisima cha pwani au hakuwa makini alipokisimamia.

Sasa jambo ambalo vikao hupenda kulinong’ona. Mpwa wa mwenyekiti ameomba kazi, na amesoma. Si haki kumkataa kwa sababu ya mjomba wake, wala si haki kumpa kazi kwa sababu hiyo. Njia ni moja: mwenyekiti aseme uhusiano huo mbele ya kikao, iandikwe katika kumbukumbu, naye atoke siku ya usaili na siku ya kupiga kura. Karatasi za hesabu zisahihishwe zikiwa na namba badala ya majina, ikiwezekana na mtu wa nje ya kijiji, kama vile mhasibu wa chama kikuu au ofisa wa RUWASA wa wilaya. Mpwa akishinda kwa namna hiyo, ataingia kazini akiwa na heshima ambayo mjomba hangeweza kumpa.

Waajiri wa zamani waulizwe kwa mdomo pia, maana barua za sifa huandikwa na wanaotaka mtu aondoke vilevile kama wanavyoziandika wanaomsikitikia. Swali lenye faida ni hili: alipoondoka, aliacha madaftari katika hali gani, na fedha benki kiasi gani?

Mshahara ndipo kamati nyingi huanguka. Hutafuta mtu mwenye ujuzi wa mjini kwa malipo ya mlinzi, kisha hushangaa anapoondoka baada ya miezi minne au anapoanza kujilipa mwenyewe. Katika ule mfano, upotevu ukishuka kutoka asilimia 35 hadi 20, yuniti zinazouzwa hufika 2,400 na mapato shilingi 6,000,000, yaani nyongeza ya shilingi 1,125,000 kila mwezi, ikiwa wanunuzi wapo. Ikiwa hawapo, maji yaleyale 1,950 yatapatikana kwa kusukuma yuniti 2,438 hivi, na umeme wa takriban shilingi 506,000 utaokolewa. Kamati ikiyaona hayo itapanga mshahara kwa akili, na itaweza kuueleza katika mkutano wa watumiaji maji bila kuona haya.

Mkataba uandikwe, uwe na kipindi cha majaribio, na utaje mambo yanayopimika: siku ya kusoma dira, siku ya kupeleka fedha benki, taarifa ya mwezi kubandikwa kwenye kila kioski. Utaje pia mamlaka yake. Meneja asiyeweza kumwachisha kazi mwuzaji wa kioski asiyewasilisha fedha, kwa sababu mwuzaji huyo ni shemeji wa mjumbe, hana umeneja wowote, na kumwajiri ni kupoteza fedha za watu. Kwa upande mwingine, asiwe mtia sahihi peke yake benki, wala asipokee fedha taslimu kwa mkono wake. Bei ya maji hupitishwa kwa utaratibu wa sheria, si kwa uamuzi wake wala kwa kelele za kikao.

Kazi ya kikundi cha masomo: Wajumbe watembelee mradi wa maji ulio karibu, kwa ruhusa ya chombo chake, na kuomba takwimu za dira ya pampu na mauzo ya vioski kwa miezi 3 iliyopita. Wakokotoe upotevu wa kila mwezi na gharama ya umeme kwa kila yuniti iliyouzwa. Ikiwa dira ya pampu haipo au imeharibika, waandike tangu lini, na waulize nani alipaswa kuitengeneza. Majibu yasomwe katika kikao kijacho kabla ya tangazo lolote la kazi kuandikwa.