SALA YA KUPATWA KWA JUA NA ELIMU YA FALAKI

SUALA: Mwanafunzi ameuliza: Skuli tumesomeshwa ya kuwa jua hupatwa mwezi upitapo baina yake na ardhi, na saa yake hujulikana miaka mingi mbele. Basi twasali kwa nini?

JAWABU: Hesabu hiyo ni kweli, wala dini haiikanushi. Mwaka wa 10 wa Hijra (632) alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume akawasalisha, kisha, naye yumo huzunini, akawakataza neno lile: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Imam Ghazali (aliyefariki 505 H., 1111), Shafii kama sisi, alieleza katika Tahafut al-Falasifa ya kuwa mwenye kuipinga hesabu hii kwa kudhani anainusuru dini, huidhuru, kwani aijuaye hesabu hataishuku hesabu yake, ataishuku dini.

Kosa ni la asemaye: Nimejua lipatwavyo, basi halina Mwenye kulipitisha. Nahodha ajua saa ya maji kujaa. Je, kujua kwake ndiko kuyajazako? Hesabu yaeleza mwendo, haiuumbi.

Basi sali rakaa mbili, sunna iliyotiliwa nguvu, kila rakaa visimamo viwili na rukuu mbili. Nawe uijuaye saa yake umepata wasaa wa kutawadha mapema.

Wallahu aalam.