Wageni Wengi, Wanunuzi Wachache: Ziba Mfereji Kwanza



Kila mkulima wa skimu ya Mwea anajua kwamba maji yakifunguliwa na mfereji una nyufa, shamba la mwisho halipati kitu. Mtu asiyefikiri hukimbia kuongeza maji mlangoni. Mwenye akili huchukua jembe, akatembea kando ya mfereji akitafuta mahali maji yanapopotelea. Somo la mwezi huu ni juu ya mfereji wa namna nyingine, yaani tovuti ya kuuzia mazao.

Tovuti ya kikundi ni kama duka lililo ndani ya simu. Mtu aliye Nairobi au Mombasa huifungua akaona mchele wetu bila kupanda gari. Lakini kuona si kununua.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kikundi cha mke wangu kilipotaka tovuti, mimi karani niliyesomea ualimu ndiye niliyepewa kazi ya kuandika maneno. Niliandika historia ya kikundi tangu mkutano wa kwanza, nikaweka picha kubwa ya kamati imeketi, na chini kabisa nikaandika, "Karibuni wote." Fundi alituonyesha kwamba watu walikuwa wakiufungua ukurasa kila siku, nasi tukafurahi. Lakini simu haikulia. Mavuno yalipoingia ghalani mwezi wa Desemba, na karo ya Januari ikakaribia, mpunga ulichukuliwa na dalali kwa bei aliyoitaja yeye. Baadaye jamaa yetu mmoja wa Nairobi alituambia, "Niliona tovuti yenu. Nilitaka kilo 10. Sikuona bei, wala sikujua mchele utanifikiaje, basi nikanunua dukani." Kumbe mnunuzi alifika hadi mlangoni, nasi hatukumfungulia.

Tufanye hesabu

Tuseme watu 100 wanafungua ukurasa wenu, na 2 wananunua. Mkitaka wanunuzi 4, njia moja ni kulipia matangazo ili waje watu 200. Njia ya pili ni kuutengeneza ukurasa ili katika wale wale 100 wanunue 4. Wanunuzi ni sawa, lakini njia ya kwanza hula pesa kila mwezi, na ya pili hutaka kazi ya jioni chache tu. Kwa hiyo msinunue matangazo kabla hamjaziba nyufa. Nyufa zenyewe ni hizi.

1. Mgeni hajui mnauza nini. Maneno ya kwanza yawe juu ya mali, si juu ya kamati. Kwa mfano: "Mchele wa pishori kutoka Mwea, mavuno ya Desemba, umefungwa na wakulima wenyewe." Historia ya kikundi ni nzuri, lakini ikae ukurasa wa nyuma.

2. Bei haionekani. Andikeni bei ya kilo 2, kilo 5 na kilo 25, pamoja na gharama ya kupeleka. Wako wanaoficha bei wakidhani mgeni atapiga simu kuuliza. Mara nyingi hapigi, kwa maana huogopa kuuliza kisha akaonekana hana pesa. Bei ikibadilika, ibadilisheni siku ile ile. Bei iliyopitwa na wakati humfanya mnunuzi aone amedanganywa.

3. Mgeni ana hofu. Tumezoea kusema kwamba kizuri chajiuza. Hiyo ni kweli sokoni, ambako macho na pua vipo. Mnunuzi wa mjini amekwisha kusikia habari za mchele wa nje unaochanganywa na wetu na kuuzwa kwa jina la Mwea. Mbele ya gunia angenusa na kutafuna punje, lakini simu haina harufu. Basi mpeni kitu badala ya pua: picha halisi za mashamba na ghala lenu, jina la kikundi, mahali mlipo, na tarehe mchele ulipokobolewa. Uzeni pia pakiti ndogo ya kilo 2, ili ajaribu bila kuhatarisha pesa nyingi, na mwahidi kumrudishia pesa zake asiporidhika. Maneno ya wateja waliokwisha kununua yanafaa sana, lakini ombeni ruhusa yao kwanza, wala msitunge hata neno moja.

4. Kulipa kunatia shaka. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, Wakenya wamezoea kulipa kwa simu, na pia wamejifunza kuogopa matapeli. Mtu akiambiwa atume pesa kwa nambari ya mtu binafsi asiyemjua, husita. Chukueni nambari ya till kwa jina la kikundi, na jina hilo lifanane na lile lililo kwenye tovuti, kwa sababu mlipaji huliona katika ujumbe wake. Msimwulize mambo mengi: jina, simu, kiasi anachotaka na mahali pa kupeleka yatosha. Nambari yake ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiwaruhusu kuigawa kwa wengine ovyo.

5. Ukurasa ni mzito na simu haijibiwi. Picha kubwa mno humla mgeni bando, naye huondoka kabla hazijafunguka. Ujaribuni ukurasa kwa simu ya bei ndogo, si kwa kompyuta ya fundi. Tena wekeni zamu ya kujibu simu na ujumbe, kama mnavyoweka zamu ya maji. Anayeuliza leo asubuhi akijibiwa kesho kutwa, atakuwa amekwisha kula mchele wa mwingine.

Daftari la maswali

Mwenye zamu awe na daftari. Aandike tarehe, swali aliloulizwa, na kama mtu alinunua. Swali likiulizwa mara tatu, jibu lake liandikwe kwenye ukurasa. Tena badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Mkulima anayejaribu mbegu mpya na mbolea mpya katika kipande kimoja hawezi kujua ni kipi kilichozaa. Sisi tulipoandika bei, swali la bei lilitoweka daftarini, likaja jingine: "Mzigo utafika lini?" Huo ulikuwa ufa wa pili, nasi tukaandika siku ambazo matatu huchukua mizigo yetu.

Maswali ya kujibu katika mkutano wa kikundi

1. Mpeni simu jirani asiyejua mambo ya kikundi, afungue ukurasa wenu. Je, baada ya dakika moja anaweza kutaja bei ya kilo 5 na namna ya kulipa?

2. Ni nani anayejibu simu Jumamosi jioni?

3. Ni swali gani lililoulizwa zaidi mwezi uliopita, na jibu lake liko wapi kwenye ukurasa?

Kikundi kisichoweza kujibu swali la tatu hakina daftari. Kinunue moja leo, kabla mpunga haujaiva na dalali hajaegesha lori lake mlangoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.