Tupu Si Sifuri: Ripoti Nyumbufu katika Takwimu za Afya

Kwa miaka mingi ripoti ya afya ya wilaya ilikuwa na umbo moja tu. Vitabu na fomu za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vilikuja na safu zilizokwisha kuchapwa, na aliyetaka kujua jambo lisilotengewa safu alishika kalamu akahesabu upya. Mfumo wa DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ulibadili utaratibu huo. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo inautumia. Humo mtumishi wa afya huunda ulizo lake mwenyewe kwa kuchagua mambo matatu: nini, wapi na lini.

Uhuru huo una gharama kwa mtengenezaji wa programu, kwani hawezi kujua mapema jedwali litakuwa na safu ngapi. Mmoja ataomba dozi mbili za chanjo kwa mwezi mmoja. Mwingine ataomba magonjwa 40 kwa mwaka mzima. Suluhisho ni kutenganisha hifadhi na onyesho. Katika hifadhidata kila namba hukaa kwenye mstari wake pekee, pamoja na kitambulisho cha kipengele, cha kituo na cha kipindi. Jedwali huundwa wakati wa kusomwa: vichwa vya safu hutokana na uteuzi wa mtumiaji, na anaweza kuvigeuza, miezi ikashuka pembeni na vituo vikapanda juu, bila namba hata moja kubadilika katika hifadhi.

Kugeuza huko huzaa visanduku ambavyo havina mstari wowote nyuma yake. Hapa ndipo ripoti nzuri na mbaya huachana.

Tuchukue mfano wa kubuni wa zahanati tatu na chanjo ya Penta, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na maambukizi ya Hib. Katika robo moja ya mwaka, Zahanati A ilitoa dozi ya kwanza kwa watoto 120 na ya tatu kwa 108. Zahanati B ilitoa 20 na 10. Zahanati C ilitoa dozi ya kwanza kwa watoto 60, lakini kisanduku cha dozi ya tatu ni kitupu kwa sababu taarifa yake haijafika.

Mstari wa jumla utasoma 200 na 118, na kiwango cha kutokamilisha chanjo kitakuwa asilimia 41. Zahanati C ikiondolewa, hesabu ni 140 na 118, na kiwango kinashuka hadi takriban asilimia 16. Ikichukuliwa wastani wa asilimia 10 ya A na asilimia 50 ya B, jawabu ni 30, ambalo si sahihi kwa jumla ya watoto hao, maana zahanati ya watoto 20 imepewa uzito sawa na ya watoto 120. Programu inapaswa kujumlisha kwanza, kisha igawanye. (Hata hivyo, dozi hizo hutolewa katika wiki ya 6 na ya 14, hivyo watoto wa robo moja si wale wale hasa.)

Anayeamini 41 atatuma gari Zahanati C kutafuta watoto 60 ambao pengine walikwisha kuchanjwa, ilhali watoto 10 wa Zahanati B wanabaki nyumbani bila kinga kamili dhidi ya kifaduro.

Kuna mtego mwingine. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, isipokuwa kipengele husika kimewekewa agizo hilo. Muuguzi anaweza kuandika 0 kwa uaminifu, na kisanduku kikaonekana kitupu sawa na cha kituo ambacho hakikuleta chochote. Ndiyo sababu inafaa kuweka, kando ya safu za namba, safu ya ukamilifu wa taarifa inayoonyesha ripoti ngapi zilitarajiwa na ngapi zilipokewa. Penye 3 kati ya 3, utupu unaweza kuwa sifuri. Penye 2 kati ya 3, simu ipigwe kituoni kwanza.

Tahadhari ya mwisho inahusu faragha. Mtumiaji akichuja kwa kijiji, umri, jinsi na ugonjwa, kisanduku chenye namba 1 kinaweza kumtaja mgonjwa bila kuandika jina lake. Kabla jedwali la namna hiyo halijabandikwa ukutani au kutumwa nje ya ofisi, vijiji huunganishwa katika kata, au makundi ya umri hupanuliwa.