Mguu Mmoja Ukivimba, Usikandwe

Mtu arejeapo nyumbani Hamriya akilalamika maumivu ya mguu, mara nyingi huletewa mafuta akachuliwa. Kwa uchovu wa kawaida hapana ubaya. Lakini yapo maumivu yasiyofaa kukandwa, na huyatambua vyema zaidi aujuaye mguu ulivyoumbwa.

Kati ya goti na kifundo cha mguu kuna mifupa miwili. Muundi ni mnene, nao ndio ubebao uzito wa mwili. Wa pili ni mwembamba, upande wa nje. Nyuma yake ipo misuli ya shavu la mguu, iliyoungana na kisigino kwa kano nene. Ndani ya misuli hiyo hupita vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni. Katika kila hatua misuli hujikaza, ikaikamua mishipa na kuisukuma damu juu. Vilango vidogo vya ndani huizuia isirudi chini. Kwa hiyo shavu la mguu huitwa moyo wa pili.

Mtu akikaa muda mrefu bila kutembea, kazi hiyo hupungua na damu huweza kuganda. Hivyo hutokea katika safari ya ndege ya zaidi ya saa 4, kama ya Maskati hadi Dar es Salaam, kitandani baada ya upasuaji, au mguu ukiwa ndani ya plasta. Mimba, siku 40 za uzazi na saratani huongeza hatari. Bonge la damu likichomoka huenda mapafuni, na huweza kuua.

Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba, shavu kuuma, na ngozi kupata joto au kubadilika rangi. Katika ngozi nyeusi wekundu haudhihiriki kwa urahisi. Basi mguu ulinganishwe na wa pili kwa kuutazama na kuupapasa.

Mguu wa namna hiyo usichuliwe. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, kwani dawa za kuzuia damu kuganda zipo, na hufaa zaidi zikianzwa mapema. Akishindwa kupumua ghafla, akiumwa kifua, akikohoa damu au akizimia, ipigwe simu 9999 papo hapo.

Msafiri naye anywe maji, ainuke kila baada ya muda, na akiwa kitini azikunje na kuzinyoosha nyayo zake.